Miezi ya Kwanza na Mtoto wa Kuasili, Ukiwa Peke Yako Ugenini

Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mgeni anayetaka kuasili mtoto awe ameishi nchini humo angalau mwaka mmoja, na awe amemlea mtoto huyo kwa muda usiopungua mwaka mmoja chini ya uangalizi wa ofisa wa probesheni na ustawi wa jamii. Maombi ya mgeni husikilizwa na Mahakama Kuu. Mahakama yaweza kulegeza masharti hayo kukiwa na sababu za kipekee, ila si busara kupanga maisha kwa kutegemea hisani hiyo. Mbele ya sheria hii Mtanzania na Mkenya ni wageni sawasawa na Mmarekani au Mjerumani.

Ndiyo maana familia nyingi hugawanyika. Kodi ya nyumba na karo za watoto wakubwa hazisubiri, kwa hiyo mmoja anarudi kazini Nairobi, Dar es Salaam, Muscat au Minneapolis. Mwingine, mara nyingi mama, anabaki Kampala katika nyumba ya kupanga, na mtoto wa miaka miwili ambaye wiki iliyopita alikuwa analala katika makao ya watoto pamoja na wenzake. Huyo anayebaki hana mama yake mzazi wa kumshauri, hana shoga wa kumpokea mtoto akioga, na mtoto mwenyewe bado hamjui mlezi wake.

Ninaandika kwa ajili ya huyo anayebaki. Neno langu kuu ni hili: upweke unaouogopa una faida kwa mtoto, ukijua kuutumia. Katika miezi ya kwanza mtoto wa kuasili anahitaji mtu mmoja, yuleyule, anayemlisha, anayemwogesha, anayemlaza na anayemnyamazisha, siku baada ya siku. Nyumbani kwenu, penye shangazi, bibi, binamu na majirani wenye hamu ya kumpakata, ungelazimika kuipigania nafasi hiyo. Ugenini unayo tayari.

Mtoto ameshapoteza nini

Sisi watu wazima tunaona mtoto amepata nyumba, kitanda na mzazi. Yeye anaona ameondolewa. Alishampoteza mama aliyemzaa, na sasa amepoteza mlezi wa zamu ya usiku, watoto aliolala nao chumba kimoja, harufu ya jiko la makaoni, sauti za lugha aliyoizoea na mti aliokuwa akichezea chini yake. Hana maneno ya kuyasema hayo, kwa hiyo huyasema kwa mwili.

Wapo wanaolia usiku kucha. Wapo wanaokataa kula, na wapo wanaokula bila kushiba. Wengine hurudi nyuma: mtoto aliyekuwa anakwenda msalani mwenyewe anaanza kujikojolea, au anayetembea anataka kubebwa kutwa. Haya yote ni maombolezo, na yanastahili kuheshimiwa kama maombolezo ya mtu mzima.

Angalia zaidi mtoto aliye kimya. Wageni watamsifu kwamba ni mpole, halii, anakwenda kwa kila mtu. Mtoto wa miaka miwili asiyelia akianguka, au anayemkumbatia mtu yeyote anayeingia mlangoni, huenda amejifunza kwamba kulia hakuleti mtu, na kwamba watu wote ni sawa kwa kuwa hakuna anayebaki. Huyo anahitaji ukaribu wako kuliko yule anayepiga kelele.

Somo lililopatikana vijijini Buganda

Elimu ya ukaribu wa mtoto na mlezi wake ina sehemu ya asili yake papo hapo ulipo. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuwa katika Taasisi ya Utafiti wa Kijamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani na Kampala. Alikwenda kila baada ya wiki mbili, akakaa kama saa mbili kila mara, akitazama akina mama na watoto wao wachanga katika maisha ya kawaida. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1967.

Alichokiona kimekuwa mojawapo ya misingi ya mambo yanayofundishwa leo juu ya mtoto na mzazi wake. Mtoto mwenye utulivu humwacha mama akaenda kuchezea kitu, akageuka kumtazama, akarudi kumgusa, kisha akaenda tena. Akiumia au akitishwa, hukimbilia kwa mtu huyohuyo. Tena watoto watulivu zaidi walikuwa wa akina mama walioweza kueleza kwa kirefu habari za watoto wao: anapenda nini, hulia vipi akiwa na njaa, hulia vipi akiwa na usingizi. Akina mama hao walikuwa wanamsoma mtoto.

Kumsoma mtoto kunaweza kujifunzwa na mtu ambaye hakumzaa. Nchini Romania, utafiti uliowahusisha watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi za Bucharest ulionyesha kwamba waliohamishiwa kwenye familia za walezi walijenga uhusiano mzuri zaidi na walezi wao kuliko waliobaki taasisini, hasa pale walipohama kabla ya kutimiza miaka miwili hivi. Mtoto wa umri huo bado ana mlango wazi. Hata aliyepita umri huo hajafungiwa. Anahitaji tu muda mrefu zaidi.

Anza basi kuweka daftari. Kila usiku andika mistari michache: alilia saa ngapi, kwa sababu gani, kilichomtuliza ni nini, alikataa chakula gani, alicheka wapi. Baada ya wiki chache utaanza kuuona mpangilio wake. Daftari hilo pia litakufaa atakapokuja ofisa wa ustawi kuuliza maendeleo ya mtoto.

Mkono mmoja, na mikono mingine

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na walisema kweli. Swali ni mikono hiyo mingine ifanye kazi gani. Katika miezi ya kwanza mikono mingine ishike nyumba, na mkono wako umshike mtoto.

Ukiweza kumlipa dada wa kazi, mweleze mapema kwamba yeye atapika, atafua, atapiga deki na kwenda sokoni, na kwamba kumlisha, kumwogesha, kumbadilisha nguo na kumlaza mtoto ni kazi zako. Mweleze kwa heshima na umpe sababu, maana kwa mila zetu kumnyima mtu mtoto ni kama kumtuhumu. Mwambie: "Mtoto huyu amebadilishiwa walezi wengi. Nataka kwanza anijue mimi, halafu atakujua na wewe." Wengi huelewa.

Majirani na waumini wenzako watataka kumbeba. Msalimie mtu vizuri, umruhusu ampungie mtoto au amshike mkono, lakini mtoto abaki kiunoni kwako. Maneno machache yanatosha: "Bado ananizoea." Zawadi na peremende pia zipitie kwako, ili mtoto aone kwamba vitu vizuri vinatoka mkononi mwako. Punguza safari za kumzungusha kwa watu, na masoko yenye msongamano yasubiri. Mkitaka kutoka, Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, ina nafasi pana na kivuli, na asubuhi ya siku ya kazi ndiyo wakati mzuri wa kukwepa umati.

Tumia mbeleko. Huko uliko, mtoto mgongoni hamshangazi mtu. Mgongoni anasikia mapigo ya moyo wako na anajifunza harufu yako, nawe mikono yako iko huru. Mara nyingine mgeuze kifuani, ili macho yenu yakutane.

Chakula, maji na usingizi

Ukaribu hujengwa zaidi katika kazi hizi za kila siku kuliko katika vitu vya kuchezea na matembezi, kwa sababu hapa ndipo mtoto anapohitaji kitu, anaomba, na wewe unajibu. Majibu hayo yakirudiwa mara elfu ndiyo yanayozaa imani.

Kabla hujamchukua, waulize walezi wake anakula nini, saa ngapi, na kwa namna gani. Mtoto aliyezoea uji na matoke yaliyopondwa asiletewe wali na nyama vya kutafuna siku ya kwanza. Endelea na vyakula vyake kwa wiki kadhaa, uongeze kipya kimoja kimoja. Mlishe akiwa mapajani, hata kama anaweza kushika kijiko. Akila kupita kiasi au akificha mkate chini ya mto, usimgombeze wala usimpokonye. Weka ndizi mahali anapopaona, na kila akiomba mpe. Mtoto aliyewahi kugombea chakula hawezi kuamini kwa maneno kwamba kesho kitakuwepo. Ataamini akikiona kipo kila siku.

Kuoga kunaweza kumtisha, hasa kama alizoea kumwagiwa maji ya baridi harakaharaka pamoja na wenzake. Kampala iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, na asubuhi zake zina baridi. Pasha maji moto, anza na beseni dogo, mwache achezee kikombe, mwogeshe miguu kwanza. Baada ya kuoga mpake mafuta taratibu mwili mzima. Dakika hizo chache za kupakwa mafuta, huku unamwimbia, ni miongoni mwa dawa bora ninazozijua kwa mtoto anayeogopa kuguswa.

Usiku ndio mgumu zaidi. Mtoto aliyekuwa analala chumba chenye pumzi za watoto wengi hawezi kulala peke yake chumbani, hata ukimnunulia kitanda cha bei gani. Alale chumba chako, kitanda chake kikiwa karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unamgusa, chini ya chandarua. Acha taa hafifu. Kama amekuja na shuka au fulana ya makaoni, usiifue mwanzoni. Harufu yake ndiyo kitu pekee anachokijua humo ndani. Akiamka analia, amka naye kila mara. Watu watakuambia utamdekeza. Mtoto hadeki kwa kujibiwa. Anayejibiwa sasa ndiye atakayethubutu kulala mwenyewe baadaye.

Akilia, akipiga, akikukataa

Kuna siku atakukataa. Atakupiga, atakuuma, atarusha sahani, au atamkimbilia dada wa kazi huku akikusukuma wewe. Hilo linauma kuliko mtu anavyotarajia, maana umeacha nyumba yako kwa ajili yake. Usilichukue kuwa hukumu. Mtoto aliyeachwa hujaribu kama na wewe utaondoka. Kaa chini karibu naye, usawa wa macho yake, sema kwa sauti ya chini kwamba upo, umshike mikono asijiumize, na usubiri. Usimfungie chumbani peke yake, maana kwake huko ni kuachwa tena. Kofi na kiboko visiingie kabisa katika nyumba hiyo. Mkono anaotakiwa kuujua kuwa wa faraja hauwezi pia kuwa mkono wa kuogopwa.

Kuna desturi moja ya kwetu inayopaswa kuachwa: kumtoroka mtoto kimyakimya ili asilie. Ukilazimika kutoka, muage. Mwambie unakwenda, onyesha atakayebaki naye, ondoka, urudi upesi kama ulivyosema. Anza na dakika tano za kwenda dukani. Atalia, lakini atajifunza kwamba anayeaga hurudi. Anayetorokwa hujifunza kukulinda kwa macho kutwa nzima, na hawezi tena kucheza.

Lugha na jina

Jifunze maneno ya lugha yake kabla hujamchukua. Kama amelelewa kwa Kiganda, uweze kumwambia jangu anapotakiwa kuja, na umwelewe anapotaka amazzi ya kunywa au emmere ya kula. Usidhani kila mtoto wa Kampala anazungumza Kiganda, waulize walezi. Kiswahili au lugha nyingine ya nyumbani kwenu iingie taratibu kando ya maneno yake. Mtoto anayeumwa au anayeogopa afarijiwe kwa maneno anayoyajua.

Jina lake usilibadilishe kwa haraka. Ndilo karibu mali yake yote. Mkitaka kuongeza jina la familia, litanguliwe na lile analoitika. Waislamu wanajua kwamba dini inataka mtoto wa kulelewa aendelee kunasibishwa na baba yake mzazi, na hekima hiyo ina maana kwa kila mlezi: usifute alikotoka. Watoto wengi walio makaoni wana ndugu walio hai. Kusanya picha za walezi, jina la kijiji, na tarehe alizopokewa, uviweke pamoja mahali salama. Atakapokuwa na miaka kumi atakuuliza. Picha zake usizisambaze mitandaoni. Habari yake ni mali yake.

Mzazi aliye mbali

Baba aliyeko Minneapolis hawezi kujenga ukaribu kwa simu, lakini anaweza kuacha kuwa mgeni. Simu ya video ipigwe saa ileile kila siku, kwa mfano wakati wa uji wa asubuhi, na iwe fupi. Mtoto wa miaka miwili hatakaa kuongea. Mwache baba aimbe wimbo mmoja uleule, au amtazame akila. Bandika picha yake ukutani, chini, mahali mtoto anapofikia kuigusa. Sauti yake iliyorekodiwa ya kumtakia usiku mwema ichezwe kila jioni.

Atakapokuja, asianze kwa kumnyakua mtoto. Siku za kwanza akuhudumie wewe: akuletee chai, akubebee mizigo, acheze sakafuni karibu yenu. Baadaye amlishe wewe ukiwepo, kisha wewe ukiwa chumba cha pili. Na siku ya safari ya kurudi nyumbani ikifika, ujue kwamba kwa mtoto huo ni uhamisho mwingine. Mbebe mwenyewe kwa mbeleko uwanja mzima wa ndege, na shuka lake lisiingie kwenye sanduku la mizigo.

Afya yake, karatasi zake, na wewe mwenyewe

Katika wiki ya kwanza mpeleke kwa daktari wa watoto. Omba kadi ya chanjo, na upimishe minyoo, damu, siko seli, virusi vya UKIMWI na kifua kikuu kwa ushauri wa daktari. Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyohiyo. Weka pakiti za ORS nyumbani. Amri ya malezi na barua ya ofisa wa ustawi uzitoe nakala, utembee nazo, maana kuna siku mtu atakuuliza mtoto huyu ni wa nani. Kibali chako cha kuishi nchini kisikuishie.

Jambo moja kuhusu mahakama. Mpaka amri ya kuasili itolewe, mtoto huyu kisheria bado hajawa wako, na wazazi wengine huzuia moyo wao kwa kuogopa. Usizuie. Mtoto anahisi anapopendwa nusu. Kama ndugu zake watapatikana na mahakama ikaona arudi kwao, utaumia sana, lakini atakuwa amejifunza kwako kumwamini mtu, na atakwenda na hilo.

Nawe ujitunze. Mapenzi hayashuki siku moja. Wapo wazazi wanaoona kwa wiki nyingi kwamba wanamlea mtoto wa mtu, na baadaye wakampenda kuliko nafsi zao. Tenda matendo ya upendo, hisia zitafuata. Lala mtoto anapolala. Ongea na mtu mzima mmoja kila siku, wa ana kwa ana au kwa simu. Mteue mtu mmoja wa dharura, awe amezoeana na mtoto tangu mapema, utakayemwita ukishikwa na malaria. Ukijikuta huna usingizi hata mtoto akilala, unalia bila sababu, au unaogopa kwamba utampiga, mlaze mtoto mahali salama, piga simu, uende kwa daktari. Sonona huwapata wazazi wa kuasili kama inavyowapata waliojifungua, na inatibika.

Dalili za kutazamia

Utajua kazi inafanyika akianza kukulilia wewe hasa unapotoka. Wengi hudhani hapo ameharibika. Ukweli ni kwamba amekuchagua. Atakuletea jiwe au jani ulione. Atacheza akigeuka kukutazama, kama wale watoto wa vijijini Buganda. Akianguka atakimbia kupita watu wengine wote hadi kwako. Kama miezi sita imepita na bado haumii kwa kuachwa, hakutazami usoni, au anajitikisa peke yake kwa saa nyingi, tafuta mtaalamu wa saikolojia ya watoto, usisubiri.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na wewe umeianza kazi hiyo bila ya mimba, katika mji usio wako. Usijipime kila wiki. Jibu kilio cha leo.

Nanyi ndugu mliobaki nyumbani, msimwachie mtu huyu mzigo wote kwa kuwa yuko mbali. Mpigieni simu mumuulize yeye amekula nini na amelala saa ngapi. Mtumieni nauli ya dada yake aende akakae naye wiki mbili. Mkifika Kampala pikeni, fueni, nendeni sokoni, mumwache mtoto mikononi mwa mama yake mpaka atakapowafuata mwenyewe.